John Tengo Jabavu: gazeti, hela za marafiki na familia iliyobeba mzigo

Mimi kazi yangu ni historia ya magazeti ya Kiafrika, na mtu ninayeulizwa sana ni Jabavu, mhariri mweusi wa Afrika Kusini, swali ni lile lile, ilikuwaje mtu aliyepigania kura ya mtu mweusi kule Cape akaja kuunga mkono Sheria ya Ardhi ya 1913, ile iliyowazuia watu weusi kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi? Jibu langu siku zote ni kwamba tuangalie kwanza hela ya gazeti ilitoka wapi.

Alizaliwa 1859 karibu na Healdtown, wazazi wake Wamfengu, jamii ya Waafrika wa Cape, watu wa kawaida tu. Alipokuwa mwalimu kijana Somerset East alijifunza uchapaji kwenye gazeti la pale pale mjini, yaani alizijua herufi za kuchapia za madini ya risasi kwa vidole kabla hajawa mhariri wa mtu. 1881 akaenda Lovedale, kituo cha misheni chenye shule, kuhariri Isigidimi, ila lile lilikuwa gazeti la wamisheni na siasa hawakuzitaka. 1884 akampigia kampeni James Rose Innes, mzungu mliberali aliyegombea ubunge wa Cape, Innes akashinda, na baada ya hapo Richard, ndugu yake Innes, pamoja na mfanyabiashara James Weir wakamdhamini, Novemba mwaka huo huo Imvo Zabantsundu, Maoni ya Watu Weusi, ikatoka King William's Town, mji mdogo ambao leo unaitwa Qonce. Kixhosa na Kiingereza, kila wiki, na mhariri ni Mwafrika asiye chini ya misheni. Hilo lilikuwa jambo kubwa mno, tusilipunguze! Lakini wadhamini walikuwa waliberali wa kizungu, na urafiki ule akaubeba maisha yake yote.

Nyumbani alimuoa Elda Sakuba, binti wa mchungaji wa Methodist, wakapata watoto wa kiume wanne. Kipindi kigumu kuliko vyote naona ni 1900 na 1901. Elda anafariki, jeshi linalifunga gazeti kwa sababu Jabavu alipinga vita vya Waingereza na Makaburu, na Dale College, shule ya mji ule ule aliochapisha gazeti miaka 17, inamkataa mwanawe Davidson kwa sababu ni mweusi. Baba hakunyamaza wala hakukubali kijana akae hivyo hivyo, 1903 akampeleka Wales kusoma, kijana akaja kupata digrii London 1912, na Fort Hare, chuo cha Waafrika, ilipofunguliwa 1916 Davidson akawa mwalimu wa kwanza mweusi pale.

Sasa turudi kwenye 1913. Waziri aliyeileta ile sheria bungeni ni J.W. Sauer, rafiki wa Jabavu wa miaka mingi, na Jabavu akamwamini. Mwaka uliofuata Jabavu akagombea kiti cha Tembuland katika Baraza la Mkoa wa Cape dhidi ya Walter Rubusana, mwanasiasa mweusi mwenzake, mzungu Payn akapata kura 1,004, Rubusana 852, Jabavu 294. Jumlisha mwenyewe hizo mbili za mwisho, ni 1,146, yaani kura zilizogawanyika ndizo zilizompa Payn ushindi. Watu hawakumsamehe, na mimi pia kwa hili namlaumu, ila simwiti msaliti kama wengine wanavyofanya, maana mtu aliyesaidiwa kusimama na marafiki anachelewa sana kuona wamebadilika.

Alifariki Septemba 1921 nyumbani kwa Davidson, Fort Hare. Imvo ikashikwa na mwanawe mwingine, Alexander, akahangaika nayo mpaka miaka ya 1930 ikanunuliwa na Bantu Press, kampuni ya wazungu.