Krimu za kung'arisha uso: maswali ya Lamu na Malindi

Krimu ya dukani imenitakatisha kwa wiki moja. Ubaya uko wapi?

Uko katika kasi hiyo hiyo. Kitakatishacho upesi hivyo mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi) au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi) kali kama klobetasoli. Zebaki hupenya ngozi ikadhuru figo na mishipa ya fahamu, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ya muda mrefu huacha mashavuni weusi wa samawati usiotoka kirahisi. Klobetasoli ni dawa halali ya ukurutu, lakini ikipakwa usoni miezi na miezi, ngozi hukonda na chunusi hufumka. Kopo lisiloandikwa viambato, au mkorogo wa kupimiwa, usinunue kabisa.

Nimeshaizoea. Niache leo?

Yenye zebaki, leo. Yenye steroidi, muone daktari kwanza na umpelekee kopo lenyewe: ukiikata ghafla uso huweza kuwaka moto, na aliyepaka mwili mzima kwa miezi huenda mwili wake umepunguza kutengeneza homoni yake ya asili. Hilo ni hatari.

Madoa ya chunusi nipake nini?

Krimu ya niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5, asubuhi na jioni, kwa wiki 8 hadi 12. Krimu ya asidi ya azelaiki pia inafaa, hata kwa mjamzito. Hupunguza madoa, rangi uliyozaliwa nayo hubaki. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku 7.

Na singo, ule mchanganyiko wa kumsugua bibi arusi?

Liwa (unga wa mti wa kunukia) na manjano hazina neno kwa wengi, mradi asisuguliwe kwa nguvu. Shida ni ndimu inayotiwa humo. Maji yake yana furokumarini, ambayo ikipigwa na jua huunguza: asingwe asubuhi, apande boti kwenda Shela, na baada ya siku moja au mbili atoke malengelenge, kisha weusi wa wiki nyingi. Kandeni singo kwa marashi ya waridi.

Ngozi yangu kavu.

Ukitoka kuoga, ikiwa bado majimaji, paka gliserini kijiko 1 iliyochanganywa na maji vijiko 4, kisha mafuta ya mgando juu. Mafuta ya nazi yabaki mwilini. Usoni huwazidishia chunusi wenye nazo.

Mweusi ahitaji losheni ya jua?

Ndiyo, hasa mwenye madoa, maana jua huyarudisha. Chagua yenye SPF (kipimo cha kukinga jua) 30 au zaidi, ikiwezekana yenye rangi ya oksidi ya chuma, kwani hata mwanga wa kawaida wa jua huikoleza ngozi nyeusi. Chora losheni mstari mmoja juu ya kila kidole, vidole viwili, kwa uso na shingo, urudie kila saa 2 ukiwa nje.