Milimita 25 za mvua ni maji kiasi gani? Utabiri wa hali ya hewa na namna ya kuutumia

Neno utabiri limetuponza sisi watu wa hali ya hewa. Masikioni mwa wengi, mtabiri ni mpiga ramli: anasema yajayo bila kueleza ameyajuaje, yakitimia anasifiwa, yasipotimia anaitwa mwongo. Utabiri wetu ni hesabu inayoanza na kipimo, na kila anayeutumia ana haki ya kujua kipimo kimetoka wapi na hesabu imefanywaje. Akishajua, ataufaidi kuliko anayesubiri tu kuambiwa kesho mvua ipo au haipo.

Tatizo hili la jina si la leo. Mwaka 1859 meli ya Royal Charter ilipigwa na dhoruba ikavunjikia kwenye miamba ya pwani ya Wales, na watu zaidi ya 400 wakafa. Robert FitzRoy, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa akiongoza ofisi ya hali ya hewa, aliamini kwamba dhoruba kama ile ingeweza kuonekana ikija, ikiwa vituo vya pwani vingetuma vipimo vyao kwa telegrafu mahali pamoja. Mwaka 1861 akaanza kutoa tahadhari kwa bandari, na Agosti mwaka huohuo utabiri wake wa kwanza kwa umma ukachapishwa gazetini. Alichagua kwa makusudi neno la kuuita, "forecast" kwa Kiingereza, ili watu wasiuchanganye na unabii. Kwake ilikuwa ni rai inayotokana na vipimo na hesabu, na mpaka leo sijaona maelezo yanayoyapita hayo.

Basi tuanze na kipimo chenyewe. Nachagua kipima mvua kwa sababu ndicho chepesi kuliko vyote, na ndicho kinachodharauliwa. Ni silinda yenye faneli juu na chupa ndani. Kila siku, saa ileile, mpimaji anaitoa chupa, anamimina maji kwenye gilasi yenye alama za milimita, anainama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, kisha anasoma pale maji yalipobonyea chini kabisa, katikati, wala si pembeni yanapopanda ukutani mwa gilasi. Ukisoma umesimama, umeshakosea.

Nikiwa mwanafunzi, siku moja nilikuta chupa kavu, nikaacha nafasi wazi daftarini. Mwalimu akanirudishia daftari akaniuliza, "Ulipima ukakuta hakuna, au hukupima?" Mimi nilijua, lakini daftari halikujua. Mtu atakayelifungua miaka 30 baadaye, akitafuta ukame ulianza lini, hatakuwa na wa kumuuliza. Siku ile ndipo nilipoanza kuiheshimu sifuri. Sifuri ni kipimo kamili, sawa na 40 au 100.

Na milimita hizo si namba za kusomwa redioni tu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 25, limepokea lita 2,500. Hekta moja ya shamba, kwa mvua hiyohiyo, imepokea lita 250,000. Hapo anayepanga ukubwa wa tangi, anayechimba mfereji na anayesimamia bwawa wote wana pa kuanzia. Ila muda nao ni sehemu ya kipimo. Milimita 25 zikinyesha usiku kucha, udongo unazinywa taratibu. Zikishuka ndani ya dakika 20, mifereji inazidiwa na maji yanatafuta njia majumbani.

Joto la hewa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vya kupitisha hewa, kwa kawaida kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kipimajoto kilichoachwa juani kinajipima chenyewe kilivyopashwa na jua, kwa hiyo usishangae simu iliyokaa juani ikikupa joto tofauti na letu. Kuhusu hewa ya juu, mamia ya vituo duniani hurusha maputo, vingi mara 2 kwa siku, karibu na saa 0:00 na saa 12:00 za saa za kimataifa. Puto hubeba kifaa kidogo kinachotuma kwa redio joto, unyevunyevu na mgandamizo wa hewa. Kadiri linavyopanda mgandamizo unapungua, nalo linavimba, mpaka linapasuka likiwa mara nyingi kwenye kilomita 30 hivi kwenda juu. Setilaiti, rada, meli na ndege huongezea yaliyobaki.

Hesabu ndiyo iliyochelewa. Mwaka 1922 Lewis Fry Richardson, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha jaribio lake la kukokotoa kwa mkono mabadiliko ya mgandamizo wa hewa ndani ya saa 6. Jibu lilitoka hektopaskali 145 (hektopaskali ndiyo kizio cha kupimia mgandamizo wa hewa), badiliko lisilowezekana, kwani hali halisi ilikuwa karibu haijabadilika. Hata hivyo njia yake ilikuwa sahihi. Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilitoa utabiri wa saa 24, ingawa kazi yenyewe ilichukua karibu saa 24 vilevile. Leo kompyuta zinaigawa dunia nzima katika vipande vyenye upana wa kilomita 10 hivi na kuhesabu siku 10 mbele kwa muda mfupi tu.

Kwa nini basi tunasema asilimia, badala ya ndiyo au hapana? Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, alirudia hesabu moja ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake, akaingiza 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hali ya hewa ya hesabu ya pili haikufanana hata kidogo na ya kwanza. Kwa kuwa hakuna chombo kinachopima bila kosa hata chembe, siku hizi kompyuta huendesha hesabu ileile mara nyingi, tuseme 50, kila mara ikibadili kidogo sana hali ya kuanzia. Zikitoka 35 zenye mvua, hiyo kwa kurahisisha ndiyo asilimia 70. Maana yake si kwamba mvua itanyesha kwa asilimia 70 ya siku, wala kwamba itafika kwenye asilimia 70 ya eneo. Ni hivi: zichukue siku zote tulizosema asilimia 70 kwa mahali fulani, katika kila siku 10, mvua inapaswa kunyesha 7. Zikinyesha zote 10, tumekosea pia.

Hapo uamuzi ni wa mtumiaji, na kwangu hii ndiyo sehemu inayostahili kufundishwa zaidi. Kwa asilimia 30 ileile, aliyeanika nafaka ambayo ikilowa imeharibika anapaswa kufunika, wakati mwenye safari fupi na mwavuli mkononi aendelee na safari yake. Utabiri ni mmoja, ila hasara hazilingani.

Kwa rubani, namba moja ya mgandamizo inaweza kuwa uhai. Chombo kinachomwonyesha yuko juu kiasi gani, kwa asili yake ni kipima mgandamizo. Karibu na ardhi, kosa la hektopaskali 1 ni kosa la takriban mita 8. Akisahau kurekebisha hektopaskali 10 anapoingia eneo lenye mgandamizo mdogo, yuko chini kwa mita 80 kuliko anavyodhani. Joto nalo linahusika: hewa ya moto ni nyepesi, hivyo ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka, au ipunguze mzigo.

Mkulima anayenyunyizia dawa hungoja jioni iliyotulia kabisa akidhani ndiyo salama. Mara nyingi sivyo. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, hewa ya chini hupoa kuliko ya juu yake na hubaki palepale kama imefunikwa. Matone madogo ya dawa yanaelea, kisha yanasogea polepole hadi shamba la jirani. Upepo mwanana wa mwelekeo unaojulikana ni bora kuliko utulivu huo.

Tahadhari nayo, hata iwe sahihi, haina kazi kama haijamfikia mtu naye akasogea. Mwaka 1970 kimbunga kilipiga pwani ya nchi ambayo sasa ni Bangladesh. Waliokufa wanakadiriwa kufika laki 3 au zaidi. Tangu miaka hiyo ya 1970, makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea wameandaliwa huko kupita vijijini na bendera na vipaza sauti, na makazi ya kukimbilia yamejengwa. Vimbunga vikali vimeendelea kuja, lakini vifo vimepungua mno. Ukipata tahadhari, tazama kwanza saa iliyotolewa, kwa sababu ujumbe wa juzi unaosambazwa leo unaweza kukupeleka pabaya.

Na ukitaka kuujua utabiri kwa undani, pima. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, upana uleule juu na chini, uliweke mahali pa wazi mbali na miti na paa, na ulizuie lisianguke. Kila asubuhi, saa ileile, pima kina cha maji kwa rula, andika milimita na tarehe, mwaga, rudisha. Ukikuta kopo kavu, andika 0.