Jin Sakai sio msaliti, tuache kumsingizia

Kama hujamaliza Ghost of Tsushima, gemu ya samurai Jin Sakai anayepigana na Wamongolia waliovamia kisiwa cha Tsushima, Japani, ishia hapa, maana naenda mpaka mwisho. Wapo wanaomwita Jin msaliti kwa sababu ananyemelea adui na kutumia sumu.

Watu wengi wanaamini ukimchoma Mmongolia kisu cha mgongo kuna pointi za heshima zinapungua na mwisho wa gemu unabadilika. Hakuna kitu kama hicho. Hata upigane uso kwa uso toka dakika ya kwanza, Jin atatumia sumu tu kwenye ngome ya mjomba wake Shimura, na mwisho utasimama mbele ya mjomba wako kwenye yale majani mekundu uamue umuue au umwache hai. Uamuzi ni huo mmoja.

Halafu kuna hili la "samurai wa kweli asingefanya vile, kavunja bushido", yaani kanuni za heshima za samurai. Jin mwenyewe katungwa, ila vita ni ya kweli, mwaka 1274, na naibu msimamizi (jitodai) wa Tsushima aliyefia ufukwe wa Komoda na wapanda farasi kama 80 aliitwa So Sukekuni. Sasa bushido kama sheria iliyoandikwa ni mambo ya karne nyingi baadaye. Samurai wa enzi zile alimtumikia bwana wake na alitegemea kulipwa ardhi. Takezaki Suenaga alipigana na Wamongolia hao hao akaona hajalipwa, akauza farasi na matandiko apate nauli, akaenda mpaka Kamakura, kwenye serikali ya shogun (mtawala wa kijeshi), mwaka 1275 kudai chake na akapewa. Na 1281, Wamongolia waliporudi, samurai walipanda vyombo vidogo usiku wakavamia meli za adui gizani. Kwa hiyo kunyemelea hakukuanza na Jin.

Kinachoniuma zaidi ni wanaosema hakumpenda mjomba wake. Jamani, huyu mtoto alijificha anatetemeka huku baba yake Kazumasa anauawa anamwona, Shimura ndo akamchukua akamlea akamshikisha upanga, mpaka akataka kumfanya mwanae kabisa mbele ya shogun. Baada ya ile sumu Shimura anamfungulia mlango wa kutokea, amtupie Yuna lawama yote, yule mwizi aliyemwokoa baada ya Komoda, Yuna afe yeye abaki safi. Jin anakataa. Alikuwa anajua kabisa anapoteza jina, nyumba na baba wa pili kwa mpigo, ila hakukubali mtu asiye na ukoo abebe mzigo wake, na mimi kwangu huo ndo uaminifu wenyewe.

Wengine wanamwona mkavu, hana hisia. Hao sidhani walifanya misheni za Yuriko, bibi aliyemlea na kumfundisha kutengeneza sumu. Akili zinaanza kumpotea bibi wa watu, anamwona Jin anadhani ni Kazumasa, anaongea naye maneno aliyoyaficha moyoni miaka yote, na Jin hamsahihishi, anakaa naye tu mpaka anakata roho.