Kijani si ghala

Juzi nilikuwa Arusha kwenye semina ya kaboni. Mtoa mada kaweka picha ya setilaiti, duara la kijani katikati ya Bahari ya Hindi. Lilikuwa kizingia, yaani maji mengi yanayozunguka pamoja baharini. Akatamka: "Kizingia hiki kimepandisha virutubisho, planktoni, vile vimea vidogo vinavyoelea majini, imeshamiri, kaboni ya hewani imezikwa baharini." Makofi. Nikanyoosha mkono, muda ukawa umekwisha. Basi nasemea hapa.

Setilaiti huona klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, ya maji ya juu tu. Mahindi yakiwa kijani mwezi wa tano, nani husema ghala limejaa?

Kinachonikera hasa ni hiki. Maji yanayopanda kutoka chini hayaji na nitrati na fosfati peke yake. Yanakuja pia na kaboni iliyoyeyuka, kwa sababu huko chini ndiko mabaki ya planktoni huozea. Planktoni hujijenga kwa uwiano wa karibu kaboni 106, naitrojeni 16 na fosforasi 1, na maji yale hupanda na uwiano usiotofautiana sana na huo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kaboni inayonaswa na planktoni si ya hewani, ndiyo ileile iliyopanda jana. Mkono wa kulia umeupa wa kushoto, nasi tunapiga makofi! Kisha kopepodi, vidudu vidogo vya baharini, na bakteria hula karibu planktoni yote kabla haijazama mbali, wakairudisha kaboni majini.

Mwelekeo wa mzunguko nao. Kwetu kusini mwa ikweta, kizingia kinachozunguka kama mshale wa saa hupandisha maji baridi. Cha kinyume hushusha. Vitabu huishia hapo. Ila kusini mwa Bahari ya Hindi, vile vya kushusha ndivyo vinavyoonekana kijani zaidi majira ya baridi. Huenda upepo huyakoroga maji yake hadi chini zaidi. Huenda planktoni, ikikosa mwanga, hujiongezea klorofili bila kuongeza kaboni hata chembe. Mimi nimeshabadili msimamo mara mbili. Na meli hukaa kwenye kizingia siku chache, wakati chenyewe huishi miezi. Ni kumpima mtu afya akidandia daladala.

Wakati wa chai dada mmoja akaniuliza, "Sasa Daktari, niandike tani ngapi?" Nikamwambia aandike kina kwanza. Kaboni iliyozama mita 100 tu yaweza kurudi hewani maji yakikorogeka msimu ujao. Ya chini ya mita 1,000 hukaa karne. Akaniangalia, akachukua andazi.