Si kila nyuki ana mzinga

Mwambie mtoto wa shule achore nyuki: atachora mzinga, asali na mwiba. Tumemfundisha hivyo sisi wenyewe, na ndiyo maana akiona nyuki mweusi akitoboa boriti ya darasa anaokota jiwe.

Duniani kuna aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na wengi wao huishi peke yao. Hawana malkia, mzinga, wala akiba ya asali ya kulinda, kwa hiyo hawana sababu ya kumfukuza mtu. Jike huuma akishikwa au akibanwa. Dume hana mwiba kabisa. Huyo mweusi wa kwenye boriti anachimba chumba cha mayai, na kila yai huliwekea donge la chavua.

Shambani kazi yake ni kubwa. Ua la biringanya huficha chavua ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo nchani. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Huyu mweusi hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya kifua kwa mvumo mzito, na chavua humwagika. Pesheni nayo humtegemea sana.

Wapeleke watoto bustanini asubuhi wausikie mvumo huo, wakiangalia bila kugusa. Kisha wafunge matete makavu, yaliyo wazi upande mmoja, wayatundike pasiponyeshewa mvua yawe makao ya nyuki. Waache pia kipande cha ardhi bila kulima wala kumwaga saruji, maana nyuki wengine huchimba chini. Na dawa isipulizwe maua yakiwa yamechanua.