Farasi wa kwenye kibati cha pampu

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea pampu ya maji, mpya, bado inanuka boksi. "Fundi, nimeuziwa hosipawa moja, lakini maji hayapandi hadi kwenye tangi la juu." Nikaigeuza mota, nikafuta kibati kwa kidole gumba: 0.37 kW. Boksi limeandikwa HP 1, yaani nguvu farasi moja, karibu 0.75 kW.

"Mzee wangu, umepewa nusu farasi."

Akacheka. Kisha akaniuliza jambo ambalo, kwa miaka yote niliyofunga mota, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza: huyo farasi mwenyewe ni yupi?

Ni farasi wa Uingereza, na aliingia kwenye hesabu kwa ajili ya kudai malipo. Wengi hudhani James Watt ndiye aliyebuni mashine ya mvuke. Sivyo, ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712. Alichofanya Watt ni kuipunguzia ulafi wa makaa ya mawe, akapata hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wake, mwaka 1769. Alipoungana na Matthew Boulton, mfanyabiashara wa Birmingham, waliwatoza wenye migodi theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa wakilinganishwa na wenye mashine ya Newcomen. Mpango mzuri, hadi miaka ya 1780 walipoanza kuunda mashine za kuzungusha magurudumu. Wateja sasa wakawa wenye vinu na viwanda vya bia, na hao hawakuwa na mashine ya zamani. Walikuwa na farasi. Utamtoza theluthi ya nini mtu ambaye hakuwa akichoma makaa?

Basi Watt akampima farasi. Wazee wa Unguja watakumbuka ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta, anavyozunguka siku kutwa palepale. Farasi wa kinu alikuwa vivyo hivyo. Katika maandishi yake ya 1782, Watt anamtaja farasi anayezunguka duara la kipenyo cha futi 24, mizunguko miwili na nusu kwa dakika. Hapo akaandika kwamba anatembea futi 180 kwa dakika. Ukipiga hesabu vizuri utapata 188. Inaonekana alichukua pai, ile 3.14 ya duara, kuwa 3 tu, akamaliza. (Mafundi hatujabadilika.) Mvuto wa farasi akaukadiria ratili 180. 180 mara 180 ni 32,400, na mwaka uliofuata akaipandisha hadi 33,000. Yaani farasi mmoja ananyanyua ratili 33,000 futi moja kwa dakika moja.

Farasi huyo ni wa shoka. John Smeaton, mhandisi wa enzi hizohizo, alimkadiria farasi kuwa 22,916 tu. Watu husema Watt alimkuza ili ajisifu. Mimi naona kinyume chake: alilipwa kwa mwaka kwa kila nguvu farasi ya mashine, pauni 5 mikoani na 6 London, kwa hiyo kadiri farasi alivyokuwa mkubwa ndivyo ankara ilivyopungua. Alichonunua kwa hasara hiyo ni utulivu. Mwenye kiwanda aliyeuza farasi kumi akafunga mashine ya farasi kumi hakuwa na pa kulalamikia.

Mzee wangu alitaka kitu cha kushika mkononi, nikamwambia achukue mfuko mmoja na nusu wa saruji, kilo 75, aunyanyue mita moja kila sekunde bila kupumzika. Hiyo ndiyo nguvu farasi moja ya Ulaya bara, wati 735.5. Ya Watt imezidi kidogo, wati 745.7. Ndiyo maana karatasi za gari kutoka Japani zikisema PS 100, yaani farasi 100 wa Ulaya bara, kwa farasi wa Mwingereza ni kama 98.6. Na farasi wa nyama na mifupa? Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha hesabu kwamba akijikakamua kwa muda mfupi anaweza kufika karibu nguvu farasi 15. Kufanya kazi kutwa ni habari nyingine.

Lililo muhimu zaidi kwa mwenye pampu ni hili: kW ya kwenye kibati cha mota kwa kawaida ni ile inayotoka kwenye shafti. Mota ya 0.75 kW, yaani farasi mmoja, inaweza kuvuta zaidi ya 1 kW kutoka ukutani, na Luku, mita ya umeme, inahesabu ya ukutani.

Jina "wati" lenyewe lilipendekezwa na William Siemens mwaka 1882, kwa heshima ya Watt, na leo ndilo linalomsukuma farasi wake pembeni ya kibati.

Mzee alikipiga picha kile kibati, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi "0.37 = nusu", akaikunja, akaweka pampu kwenye bodaboda kurudi dukani.