Sahani ya maabara haipimi ukali wa VVU

Kila nikionyesha picha za seli T (seli za kinga) zilizoambukizwa VVU, zilizogandana na kuvimba hadi kupasuka, hakosi mtu wa kuuliza: "Kwa hiyo hii ndiyo aina kali zaidi?" Naandika leo, yaishe.

Chukua seli za MT-2 (seli T zinazokuzwa maabara), uzipe virusi viwili. Cha kwanza huingia kwa CXCR4, mlango mmoja wa juu ya seli: siku chache tu, seli zimeungana na kufa ovyo. Cha pili hutumia CCR5, mlango mwingine: kimya. Ukikiita kipole umejidanganya, maana MT-2 hazina mlango wake. Kipeleke kwenye seli T za damu ya mtu uone kitakavyozaliana. Na hicho "kipole" ndicho tunachokikuta karibu kila mara kwa aliyeambukizwa karibuni. Wengi hufikia UKIMWI bila virusi vyao kuhamia CXCR4 kamwe.

Sisemi kuhama si neno. Kirusi kikihamia CXCR4, kwa kawaida seli za CD4 (seli T zinazoshambuliwa na VVU) hushuka kwa kasi. Ila je, kuhama ndiko kunakoiangusha kinga, au kinga iliyokwisha kulegea ndiyo inayokiachia nafasi? Vitabu hupita hapo mbiombio. Mimi bado nasitasita.

Linaloniudhi zaidi ni kulinganisha NL4-3, kirusi cha maabara, na kirusi cha aina ndogo C (moja ya koo za VVU-1) kilichotoka kwa mgonjwa, kisha kutangaza tofauti za "aina ndogo". NL4-3 ilitengenezwa 1986 kwa kuunganisha virusi viwili vya aina ndogo B, na ni ya CXCR4. Vingi vya C ni vya CCR5. Umebadilisha mambo matatu kwa mpigo (aina ndogo, mlango, na asili: maabara au mgonjwa), sifa zote ukaipa herufi moja!

Tena seli zenyewe tumekwisha kuziamsha kwa PHA na IL-2 (vichocheo vya seli T), maana zikilala virusi havisongi mbele. Baadhi ya saitokini (protini ambazo seli za kinga huwasiliana kwazo) tunazozipima tumeziwasha wenyewe. Wachangia damu nao hutofautiana. Usiniletee grafu ya mmoja.

Halafu kuna VVU-2, jamaa wa VVU-1 ambavyo ndivyo vya kawaida. Kwa protini yao Vpx huvunja SAMHD1, protini ya seli inayozuia virusi, hivyo huambukiza seli dendritiki (walinzi wa kinga) ambazo VVU-1 huhangaika nazo. Kwenye sahani ungevidhania hatari zaidi, lakini wenye VVU-2 kwa kawaida hudhoofika polepole zaidi. Wapo wanaosema seli hizo zikiambukizwa, cGAS, kitambuzi cha DNA ndani ya seli, huinasa DNA ya kirusi na kuita interferoni (ishara ya hatari ya kinga) mapema. Maelezo hayo nayapenda, ila sijaridhika kuwa yanatosha: nayo yametoka kwenye sahani hizihizi.